Saa Ngapi Tangu Sindano?

Mjomba wangu wa Marambo alikuwa na mbwa aliyeitwa Waache Waseme. Huko kwetu kusini jina la mbwa mara nyingi si la mbwa, ni la jirani: ukisimama uani jioni ukamwita mbwa wako kwa sauti, ujumbe umefika na hakuna wa kukupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Nyumbani walilikatiza wakamwita Waache. Alikuwa na rangi ya mchanga wa mtoni, sikio moja limechanika, na ndezi wa mashamba yote ya bondeni walizijua mbio zake.

Waache alichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa siku ya Jumamosi, chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya kata. Siku ya 17 alikuwa maiti, wala hakufa kwa upole. Alianza kwa kujificha uvunguni mwa ghala, akasusa chakula, sauti ikabadilika ikawa kama ya mtu anayekabwa. Akautafuna mkorosho aliofungiwa mpaka fizi zikatoka damu, kisha akakata kamba, akamfukuza mtoto aliyekuwa akimlisha kila siku na kumkwaruza mguu kwa meno. Vijana wakammaliza kwa marungu. Nilipompigia Mjomba simu na kumwamkia, hakungoja salamu ziishe. "Marahaba, mpwa wangu. Wameniulia mbwa. Wamemtia kichaa kwa sindano."

Kwetu Wamwera mjomba si mtu wa kubishana naye kwenye simu. Ukoo unakwenda kwa upande wa mama, na neno lake kwangu ni zito. Nikanyamaza. Lakini neno la mtu aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya chanjo linakwenda mbali, na lake lilivuka hadi Marambo ya pili. (Kuna Marambo mbili, yetu ya Wilaya ya Nachingwea na ile nyingine, na ukipanda gari ukasema unashuka Marambo, kondakta lazima akuulize ipi.) Mwaka uliofuata, siku ya chanjo ilipotangazwa kwa kipaza sauti, nyumba kadhaa za jirani ziliwafunga mbwa wao mashambani hadi jioni.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi si daktari wa mifugo, ni msomaji tu, lakini niliona dharau kumwambia mzee "hayo ni maneno ya mitaani" kabla sijayapima. Nikaanza na swali lake kama alivyoliuliza. Je, sindano ya chanjo inaweza kumtia mbwa kichaa?

Zamani, ndiyo.

Louis Pasteur alipomchoma mtoto Joseph Meister sindano zake za kwanza mjini Paris mwaka 1885, dawa yenyewe ilikuwa uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa, umekaushwa hewani ili makali ya ugonjwa yapungue. Mwaka 1911 David Semple, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Kasauli, India, alitengeneza chanjo kwa ubongo wa kondoo walioambukizwa, virusi vikauawa kwa fenoli. Chanjo yake ilitumika miongo mingi na kuokoa watu wengi, lakini wachache walipooza. Mwili ulikuwa umefundishwa kushambulia ubongo wa kondoo, na ubongo wa kondoo unafanana mno na wa binadamu. Baadaye zikaja chanjo hai za wanyama, ambamo virusi havikuuawa, vilidhoofishwa tu. Hizo zilipata kuwaletea baadhi ya mbwa na paka ugonjwa uleule waliokuwa wakikingwa nao. Kwa hiyo Mjomba hakuota. Alilosema liliwahi kuwa kweli, mahali pengine, kwa chupa za aina nyingine.

Chanjo iliyotumika chini ya ule mwembe ni ya virusi vilivyokuzwa maabara ndani ya seli, kisha vikauawa kwa kemikali. Vinabaki na sura tu, ili mwili uijue, lakini haviwezi kuzaana. Ni sawa na korosho iliyokwisha kaangwa: uizike, uimwagilie masika nzima, haitaota mkorosho. Mbwa hawezi kupata kichaa kutoka kwenye chupa hiyo. Hilo nililimaliza haraka. Lililonichukua muda ni hili jingine: sindano hiyohiyo, iliyo salama kwa virusi vyake, inaweza kumdhuru mbwa kwa njia nyingine kabisa, na njia hiyo iligunduliwa kwa mbwa kabla ya kueleweka kwa watu.

Mwaka 1901 wanasayansi wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya utafiti ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini wenye minyiri inayowasha. Waliporudi Paris wakaendelea na sumu ya kiumbe mwingine wa jamii hiyo. Lengo lao lilikuwa jema: kumzoesha mbwa sumu kidogokidogo mpaka asidhurike. Mbwa mmoja aliyeitwa Neptune, mwenye afya na nguvu zake, alipewa kipimo kidogo na hakikumfanya kitu. Baada ya siku 22 akapewa kipimo kilekile. Ndani ya sekunde chache alikuwa anahema kwa shida, akaanguka ubavu, akaharisha, akatapika damu, na dakika 25 baadaye alikuwa amekufa. Kipimo cha kwanza hakikumkinga. Kilimfungulia mlango. Richet akaliita jambo hilo anafilaksia, yaani kinyume cha kinga, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel.

Anayelinda shamba la mbaazi ataelewa upesi. Usiku wa kwanza nguruwe pori wanakula na kuondoka. Mlinzi anaokota nyayo. Usiku wa pili hata paka akipita kwenye majani, mlinzi anapiga debe na kijiji kizima kinatoka na mapanga, wanakanyaga mbaazi nyingi kuliko ambazo nguruwe wangekula. Mwili hufanya hivyo. Mara ya kwanza huandika sura ya mgeni. Ukiwa mwili wa tabia ya wasiwasi, huandika kwa wino mkali, na kuzipa alama hizo seli zilizotapakaa kwenye ngozi, utumbo na kandokando ya mishipa, zilizojaa vifuko vya histamini. Mgeni akirudi, vifuko hupasuka kwa pamoja.

Kinachotokea baada ya hapo hutegemea ni mnyama gani. Kwa binadamu koo na mapafu ndiyo huathirika sana. Kwa mbwa ni ini. Mishipa inayotoa damu kwenye ini hubana, damu hutuama huko na kwenye utumbo, moyo ukabaki kusukuma kilichobaki. Mbwa hutapika, huharisha, pengine damu, fizi zake huwa nyeupe kama chokaa, miguu inalegea. Mtu asiyejua atasema kalishwa sumu, na kwa kuwa mtu wa mwisho kumgusa ni bwana mifugo mwenye sindano, kesi imekwisha.

Tiba ipo: adrenalini, inayodungwa msulini mara moja. Daktari wa mifugo aliyejiandaa huwa nayo mkobani. Lakini adrenalini inamsaidia mbwa aliye mbele yako, siyo aliyekwisha kurudishwa nyumbani mbio kwa sababu mwenye mbwa ana ufuta wa kupepeta.

Madhara hayo hutokea mara ngapi? Hapa inabidi niende mbali na Nachingwea, kwenye nchi ambako kila mbwa ana faili. Mwaka 2005 George Moore wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzake walichapisha hesabu ya mbwa 1,226,159 waliochanjwa katika hospitali 360 za wanyama mwaka 2002 na 2003. Waliopata madhara ya aina yoyote ndani ya siku 3 walikuwa 4,678. Ni mbwa 38 katika kila 10,000; yaani ili umpate mmoja unahitaji foleni ya mbwa 260 hivi. Na wengi wa hao hawakuzimia: walivimba uso, wakapata vipele, wakatapika. Karibu robo tatu ya madhara yalionekana siku ileile ya sindano.

Wajapani walikuja na hesabu nyingine mwaka 2012, wakiangalia chanjo za mchanganyiko zisizo za kichaa. Katika mbwa 57,300 walipata 359 wenye madhara, na kati yao 41 tu ndio waliopatwa na yale ya Neptune. Wengi wa hao 41 walizidiwa ndani ya saa moja. Saa moja, msomaji. Likumbuke hilo, maana nitalirudia.

Kuna jambo jingine katika faili za Moore ambalo ningependa watu wa mijini wanaonunua mbwa wadogo wa kupakatwa walisikie. Mbwa wadogo waliumia zaidi kuliko wakubwa, na kila sindano ya ziada siku hiyohiyo iliongeza hatari: kwa asilimia 27 kwa mbwa wasiozidi kilo 10, kwa asilimia 12 kwa wanaozidi kilo 12. Sababu moja inaeleweka bila shule. Kipimo ni kilekile kwa wote, awe mbwa wa kulala kwenye kochi au wa kukimbiza nguruwe. Mbwa wa kijijini kwetu hupata sindano moja, ya ugonjwa mmoja, kwa mwaka. Yule wa mjini huenda akachomwa tatu kwa pamoja ili mwenyewe asilipe nauli mara tatu. Akiwa ni mdogo, zitenganishwe.

Mgeni anayeushtua mwili hivyo ni nani hasa? Nilidhani ni virusi. Sivyo, au si mara nyingi. Watafiti wa Japani, akiwamo Keitaro Ohmori, walichukua damu ya mbwa waliopatwa na mzio baada ya chanjo, wakaipambanisha na kila kiungo kilichomo kwenye chupa, kimoja kimoja. Damu iliitikia zaidi mabaki ya mchuzi ambamo seli za maabara zilikuzwa: majimaji ya damu ya ndama aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake. Seli hupenda mchuzi huo, hustawi ndani yake, na chembe zake hubaki kwenye chanjo hata baada ya kusafishwa. Kwa hiyo mbwa anayevimba uso baada ya chanjo ya kichaa huenda hana ugomvi wowote na kichaa. Anagombana na ng'ombe. Ugunduzi huo uliwapa watengenezaji kazi ya kufanya, kwa sababu mabaki yanaweza kupunguzwa. Virusi huwezi kuviondoa kwenye chanjo ya virusi.

Nimekaa sana kwenye hatari kubwa iliyo adimu. Dogo la kila siku nalipitia upesi: mahali pa sindano panaweza kuuma na kutoa kinundu kinachokaa siku au wiki kadhaa, na mbwa anaweza kuwa na homa kidogo na usingizi kwa siku moja au mbili. Hiyo ni kazi ya mwili ukijifunza. Wawindaji husema mbwa akichanjwa anakuwa mvivu, hawindi tena. Siku ya pili, ni kweli. Asipelekwe porini siku ya pili.

Kuna madhara mengine ambayo hayatoki kwenye chupa wala kwenye mwili, yanatoka kwetu. Pwani na kusini, ambako wengi wetu ni Waislamu, mbwa hulala nje, hulishwa kwa kurushiwa, na hakuna anayempapasa. Siku ya chanjo inakuwa siku ya kwanza maishani mwake kushikwa na mkono wa mtu. Anafungwa waya shingoni, anaburuzwa na watoto kilomita mbili kwenye jua la saa tano, anafikishwa mahali penye mbwa 60 asiowajua, anabanwa chini kwa goti. Sindano ikimkuta anafurukuta inaweza kugusa mshipa wa fahamu, akachechemea wiki nzima. Wengine hurudi na majeraha ya kung'atana, wengine na ugonjwa wa kuharisha waliougawana pale kwenye vumbi. Yote hayo huandikwa kwenye daftari moja, daftari la sindano.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi hujikwaa, na si wa Marambo peke yao. Tuchukulie wilaya imechanja mbwa 3,000. Tuchukulie pia kwamba theluthi moja ya mbwa wa vijijini hufa kila mwaka kwa sababu zote tunazozijua: swila, kifutu, mitego ya waya, meno ya nguruwe, malori ya korosho, sumu iliyotegwa kwa ajili ya fisi, minyoo, njaa. Theluthi ya 3,000 ni 1,000. Gawa kwa wiki 52, unapata 19. Yaani hata bwana mifugo angewachoma wote maji safi, mbwa 19 wangekufa ndani ya wiki ya kwanza, na 19 wengine wiki ya pili. Kila mmoja ana mwenyewe, na kila mwenyewe anakumbuka sindano. Hakuna anayekumbuka wale 19 waliokufa wiki moja kabla ya chanjo, kwa sababu hao hawakuwa na cha kusingiziwa.

Ukiona hilo ni kosa la wasiosoma, sikiliza ya Serengeti. Mwaka 1990 baadhi ya makundi ya mbwa mwitu yalichanjwa dhidi ya kichaa, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti kwenye nyanda zile yalitoweka. Mtafiti Roger Burrows akasema wazi: kuwadunga, kuwavisha mikanda ya redio na kuwachanja kuliwatia msongo, na msongo ukaamsha virusi vilivyokuwa vimelala. Wenzake wakapinga. Majibizano yakajaa kwenye majarida makubwa ya dunia kwa miaka, maprofesa kwa maprofesa, na ukiyavua maneno ya kitaalamu utakuta ni ubishi uleule wa Mjomba na ofisi ya kata. Mwaka 2019 timu iliyowahusisha wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania ilichapisha uchambuzi wake wa mbwa mwitu wa Serengeti na haikupata ushahidi kwamba kushikwa kulikuwa kunawaua. Ilichukua karibu miaka 30. Kilichowapa shida ni kile kinachotupa shida sisi: chanjo hupelekwa mahali ambapo ugonjwa upo tayari, kwa hiyo vifo huifuata popote iendapo, kama vile mbu wanavyoonekana wameletwa na chandarua.

Niliporudi Marambo kwa mazishi ya ndugu mmoja, nilimkuta Mjomba barazani anachambua korosho. Nikamwamkia, nikakaa, nikangoja mpaka aliponiuliza mwenyewe habari za "vitabu vyako". Sikumwambia kuhusu Japani. Nikamuuliza swali moja.

"Mjomba, kabla ya ile Jumamosi, Waache alikuwa na jeraha lolote?"

Alichambua korosho tatu nne bila kujibu. "Puani," akasema. "Siku nne au tano kabla. Alirudi alfajiri pua imechanika. Tukajua nguruwe."

"Mlimwona nguruwe?"

"Hatukumwona." Kisha, baada ya kitambo: "Wiki hiyo kulikuwa na mbweha aliyekuwa akipita kijijini mchana kweupe. Watoto walimrushia mawe, hakukimbia."

Mwaka 2009 Katie Hampson na wenzake walichapisha kazi ya miaka mingi katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, waliyoifanya kama askari wa upelelezi: wakaenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani kamng'ata nani, lini, na nini kikafuata. Wakapata kwamba kati ya siku mnyama anapong'atwa na siku anapoonyesha dalili, wastani ni siku 22 hivi. Virusi vya kichaa haviendi kwa damu. Huingia kwenye mshipa wa fahamu na kutambaa taratibu kuelekea ubongoni, na jeraha la puani lina njia fupi. Kinga ya chanjo nayo inahitaji wiki mbili hadi nne kukomaa. Hesabu sasa: siku nne au tano kabla ya sindano, siku 17 baada yake. Jumla 21 au 22 mpaka kifo, na dalili zilianza kabla yake kidogo: si mbali na wastani huo. Waache alipofikishwa chini ya mwembe alikuwa amekwisha kubeba kilichomuua. Chanjo ilianza mbio baada ya virusi, na njia ilikuwa fupi.

Na angalia alivyokufa. Mzio wa sindano huja kwa dakika na saa, hutapisha, huvimbisha, hulegeza. Siku 17 si muda wake. Kususa chakula, kubadilika sauti, kutafuna mti, kumgeukia aliyekuwa akimlisha: huo ni ugonjwa wenyewe, umevaa nguo zake zote. Ukitaka kujua mbwa amedhurika na nini, kabla hujauliza nani alimgusa, uliza ni saa ngapi zimepita.

Mbweha yule hakuwa kioja. Mikoa yetu ya kusini, Lindi na Mtwara, ni mahali pa pekee kidogo katika habari za kichaa Tanzania. Mbwa ni wachache, pori ni jingi. Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walifuatilia wanyama wenye kichaa katika mikoa hiyo miwili tangu 2011 hadi 2019, na mwaka 2021 wakachapisha walichokuta: mbweha walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wote. Nani atakwenda kumchanja mbweha? Lakini miaka hiyo ilikuwa pia ya kampeni. Mradi mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulianza mwaka 2010 katika wilaya 28 za kusini-mashariki ya Tanzania pamoja na Pemba, ukiwachanja mbwa kijiji kwa kijiji. Kadiri mbwa walivyochanjwa, wagonjwa walipungua kwa mbwa na kwa mbweha pia, ingawa hakuna mbweha aliyeguswa kwa sindano. Moto wa porini ulikuwa ukichochewa kutoka majumbani.

Kichaa hakienei kwa kasi kama watu wanavyodhani. Kwa hesabu za Hampson, mbwa mgonjwa mmoja huambukiza wastani wa mbwa mmoja na kidogo tu. Ndiyo maana kuchanja asilimia 70 ya mbwa kunatosha kuuzima. Lakini ndiyo maana pia nyumba kumi zinazofunga mbwa mashambani kwa sababu ya Waache zinaweza kuirudisha kata mahali ilipokuwa. Duniani watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka, wengi wao wakiwa maskini wa Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto, kwa sababu mtoto ndiye anayecheza na mbwa na ndiye anayeficha kwamba ameng'atwa.

Mtoto aliyekwaruzwa na Waache hakuficha. Mguu wake ulioshwa kwa sabuni na maji ya kutiririka kwa robo saa, kama inavyotakiwa, na siku hiyohiyo alikuwa hospitali akianza sindano zake, ambazo nazo ni za virusi vilivyouawa. Leo yuko darasa la sita. Nilimkumbusha Mjomba hilo kwa unyenyekevu wote. Akaniangalia. "Kwa hiyo ileile iliyomponya mjukuu wangu ndiyo mnayosema haikumwua mbwa wangu."

"Jamii moja, Mjomba. Mtoto aliiwahi. Waache ilimkuta njiani."

Hakusema amekubali. Aliuliza kama ni kweli kwamba chanjo ikipata joto inageuka sumu, nikamwambia haigeuki sumu, inageuka maji: inapoteza nguvu. Hata hivyo utafiti uliofanywa kwa mbwa wa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina mojawapo inayotumika nchini ilibaki na nguvu baada ya kukaa miezi 6 kwenye nyuzi 25 na miezi 3 kwenye nyuzi 30. Kwa vijiji visivyo na friji hiyo ni habari kubwa, lakini Mjomba alikuwa amesharudi kwenye korosho zake.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa kama Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Safari yangu iliyofuata, chanjo ya Marambo iliangukia wiki hiyo, korosho zikiwa zimeanza kudondoka, na mimi nikiwa likizo. Mjomba alikuja wa kumi na kitu, siyo wa kwanza, na mbwa mpya wa rangi nyeusi aliyempa jina Tumesikia. Alimleta mwenyewe, kwa kamba ya katani, si kwa waya, mapema kabla jua halijapanda. Alimshika kichwa huku bwana mifugo akidunga, akapokea kadi, akaikunja akaitia kwenye kofia.

Wengine waliondoka mara moja. Mjomba alikwenda kukaa kwenye mzizi wa mwembe, mbwa miguuni. Nikamfuata. Bwana mifugo alikuwa amesema dakika 30. Tumesikia alijikuna, akapiga miayo, akalala. Mjomba aliinama akamfunua mdomo, akatazama fizi, akamwachia.

"Mpwa wangu, zimepita ngapi?"

Nikatazama simu. Zilikuwa zimepita 12. Akavuta kamba, akamsogeza mbwa kivulini.